Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Ni Haki Kweli Kufuga Mnyama Nyumbani?

Haya ni maswali ambayo mtu anayefuga, au anayetaka kufuga, hawezi kuyakwepa. Nimeyajibu kwa msimamo wangu na sijajaribu kumfurahisha kila mtu, maana tukikosea hapa anayeumia hana mdomo wa kulalamika.

Kwani kuna ubaya gani? Si anakula bure, analala bure, na kazi hafanyi?

Ndo hapo watu wengi wanapoishia, chakula na pa kulala. Sasa angalia upande wa pili. Ukishamweka mnyama ndani ya uzio au ndani ya tundu umemnyang'anya kila kitu ambacho angejifanyia mwenyewe, hawezi kwenda kutafuta maji, hawezi kukimbia akiogopa, hawezi kutafuta mwenzake, hata mahali pa kujisaidia hachagui yeye. Yote hayo sasa yako juu yako. Kipimo changu ni hicho na ndo ntakitumia mpaka mwisho: chochote ulichomzuia kukifanya umpe wewe, na kama huna uwezo wa kumpa basi hukutakiwa kumzuia. Wengi mnaijua hadithi ya Mtume Muhammad kuhusu yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajilie wadudu wa ardhini. Litazame vizuri lile kosa. Hakuambiwa kuwa na paka ni dhambi, kosa lilikuwa kumfunga afu kutotimiza.

Kuna watu wanasema tusifuge kabisa. Wanatania?

Hawatanii hata kidogo. Gary Francione, profesa wa sheria wa Marekani, anasema mbwa hata apendwe vipi bado kisheria ni mali ya mtu, na mali haiwezi kuwa na haki dhidi ya mwenye nayo, kwa hiyo hawa waliopo tuwatunze vizuri lakini tuache kuzalisha wengine. Na mwenyewe anaishi na mbwa aliowaokoa, kwa hiyo sio mtu anayechukia mbwa.

Kwenye hilo la mali nakubaliana naye. Sehemu nyingi duniani mtu anaweza kumuuza mnyama wake leo, kumzalisha mpaka achoke, au kumpeleka akadungwe sindano ya kufa kwa sababu tu amehama nyumba, na hakuna atakayemuuliza. Hiyo sheria inatakiwa ibadilike. Lakini kusema urafiki wenyewe wa mtu na mbwa ni kosa, hapo namwacha aende peke yake. Kule Bonn-Oberkassel, Ujerumani, lilifukuliwa kaburi la miaka kama 14,000 iliyopita, watu wawili wamezikwa pamoja na mbwa mdogo, na meno ya yule mbwa yanaonyesha aliugua vibaya akiwa bado mtoto, tena zaidi ya mara moja, na watafiti waliomchunguza wanaona asingefika hata umri ule mdogo aliofia bila mtu kumhudumia. Mbwa mgonjwa wa umri ule hawindi, halindi, hana kazi yoyote. Kuna mtu alimhangaikia tu. Mbwa wa leo ametokana na huo uhusiano, hana pori la kurudi linalomsubiri, na kumwambia ajitegemee ni kumtupa jalalani.

Hivi wanyama wanahisi kweli au sisi ndo tunawapa hisia zetu?

Wanahisi. Mwanafalsafa wa Uingereza Jeremy Bentham aliandika tangu 1789 kwamba cha kuuliza sio kama wanaweza kufikiri au kuongea, cha kuuliza ni kama wanaweza kuteseka. Sayansi ilichelewa sana kufika hapo ila imefika, mwaka 2012 wanasayansi wa ubongo walikutana Cambridge wakatoa tamko kwamba mamalia na ndege wote, na wengine kama pweza, wana mifumo ya neva inayowezesha fahamu.

Ila na hilo la kuwapa hisia zetu lipo pia, na linawaumiza. Mtu anarudi anakuta mto umeraruliwa, mbwa kainamisha kichwa, masikio kayalaza, basi anasema huyu anajua kabisa alichofanya, na kipigo kinaanza. Mtafiti Alexandra Horowitz alilipima hili mwaka 2009, ile sura ya kujutia ilitokea zaidi mbwa akigombezwa, awe amekosa au hajakosa. Yaani unachokiona pale ni woga wa sauti yako.

Kwa hiyo mbwa na paka sawa, kasuku na nyani hapana? Mstari umechorwa wapi?

Mstari ni huu, je, huyu mnyama amezaliwa kwenye ukoo uliozoea kuishi na watu kwa maelfu ya miaka, au ametolewa porini juzi? Mbwa na paka wako upande wa kwanza. Paka ameishi na watu kama miaka 9,500 hivi kwa ushahidi wa kaburi la Cyprus ambako mtu alizikwa na paka wake. Mnyama pori akizaliwa kwenye tundu anabaki mnyama pori mwenye mahitaji ya porini, kufugika kwa ukoo ni jambo la vizazi na vizazi, huwezi kumaliza kwa kumlea mmoja na chupa ya maziwa.

Chukua kasuku wa kijivu, yule anayesifiwa kwa kuongea. Porini wanalala makundi ya mamia, wanaruka kilomita nyingi kila siku kutafuta chakula, na akifugwa anaweza kufika miaka 40 na kupita. Sasa mweke peke yake kwenye tundu ambalo hata mabawa hayakunjuki yote. Baada ya muda anaanza kujinyonyoa. Ukimwona utaelewa haraka, kifua kitupu, ngozi ya rangi ya waridi yenye vipele vipele, tumbo halina unyoya, lakini kichwa kimejaa manyoya mazuri kabisa kwa sababu kichwani mdomo wake haufiki. Na yule bado ndo mwenye bahati, maana wengi wanaokamatwa porini hufia njiani kabla ya kumfikia mnunuzi. Kule Ghana utafiti uliotoka 2016 ulionyesha kasuku hawa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu 1992, na mwaka huohuo nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe pori, zilipiga kura kuzuia biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Hata kama wako alizaliwa kwenye tundu na una karatasi zote, ule upweke wa kukosa kundi hauondolewi na karatasi.

Au zile video za lorisi, kale kanyama kadogo ka Asia kenye macho makubwa, anatekenywa ananyanyua mikono juu na watu wanafurika kwenye komenti na mioyo. Lorisi ana sumu, na tezi yake iko karibu na kiwiko. Kunyanyua mikono ni kujihami, anaisogeza ile tezi mdomoni. Na kabla hajauzwa mara nyingi meno yake hukatwa bila ganzi ili asimng'ate mteja. Ukiigonga laiki ile video unaongeza soko, hata kama hukuwa na nia hiyo.

Mbwa wangu namfunga mnyororo mchana, usiku namfungua. Hapo nakosea?

Nenda kaiangalie ardhi pale anapofungwa. Utakuta duara, udongo umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu, ndani hamna hata jani moja, na hatua moja nje ya duara majani yameota vizuri tu. Bakuli la maji liko chali, mnyororo ndo uliolipindua, na kwa kuwa limebingirika nje ya duara halifikii. Shingoni manyoya yameisha. Dunia yake ya mchana kutwa ni pale.

Kumfunga nusu saa wakati fundi anaingia nyumbani, sawa. Kumfunga kila siku kuanzia asubuhi mpaka giza, miaka kumi, hapana, sikubali hata nikiambiwa ni mbwa wa ulinzi. Mbwa asiye na pa kukimbilia anajifunza kitu kimoja, kuwahi kuuma. Jenga banda lenye nafasi ya kutembea, weka uzio, mtoe matembezi, na akiwa matembezini mwache anuse, usimvute vute kamba kila anaposimama maana kunusa ndo njia yake ya kujua kinachoendelea duniani.

Niko kazini siku nzima, nifuge au nisifuge?

Mbwa, na hasa mtoto wa mbwa, usifuge kama nyumbani hakuna mtu mwingine kabisa. Paka mkubwa anaweza kuvumilia zaidi, wawili waliozoeana ni bora zaidi. Usijidanganye kwamba ukirudi usiku utamlipa masaa yake yote, utarudi umechoka.

Nawapenda wale mbwa wa pua fupi na uso bapa. Wana shida gani?

Shida yao ni kupumua. Naomba uvumilie hapa kidogo maana hili jambo linaniuma kuliko mengine yote. Pagi, bulldog wa Kifaransa na wenzao wamechaguliwa kizazi kwa kizazi ili fuvu liwe fupi, lakini nyama za ndani ya pua na kaakaa laini havikupungua kwa kiwango kilekile, kwa hiyo kila kitu kimebanana nyuma ya koo na hewa inapita kwa kugombania. Ule mkoromo mnaosema ni mtamu ni sauti ya mtu anayetafuta pumzi. Wapo wanaolala wameketi, kichwa wamekiegemeza juu ya kitu, wengine wanalala na mwanasesere mdomoni ili mdomo ubaki wazi, na kila wakizama kwenye usingizi wanashtuka kwa sababu hewa imekata. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, sasa huyu kuhema kwenyewe ni kazi, siku ya joto anaweza kufa kwa matembezi ya kawaida tu. Na kuzaa, bulldog wengi wanahitaji upasuaji kwa sababu kichwa cha mtoto hakipiti kwenye nyonga ya mama.

Paka nao wana lao. Wale wa Scottish Fold wenye masikio yaliyojikunja, ile jeni inayokunja sikio inaharibu gegedu mwili mzima, na wengi wanaishia na maumivu ya viungo wakiwa bado vijana. Unamwona ametulia, haruki, unasema ana tabia nzuri, kumbe anaumwa.

Nchi zimeanza kuchukua hatua. Uholanzi imeweka vigezo vya urefu wa pua kwa mbwa wa kuzalishwa, na Norway mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kuendelea kuzalisha mbwa wa aina ya Cavalier King Charles kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama, kwa jinsi ukoo wao ulivyojaa magonjwa. Kama tayari unaye mpende, mpunguzie uzito, mkinge na joto, mpeleke kwa daktari wa wanyama aangalie kama upasuaji wa njia ya hewa utamsaidia. Lakini usimzalishe, na usinunue mwingine.

Kununua au kuchukua aliyeachwa?

Chukua aliyeachwa kama yupo anayeendana na maisha yako. Ukinunua, sharti langu ni moja, umwone mama yake pale anapoishi, kwa macho yako. Muuzaji anayekuletea mtoto barabarani kwenye boksi na hataki ufike kwake ana kitu anaficha.

Kumhasi sio ukatili? Nani alitupa haki hiyo?

Swali zuri na silidharau, kweli unamwondolea mnyama kitu bila ridhaa yake. Ila rudi kwenye hesabu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, anabeba kama miezi miwili, anazaa watoto wanne hivi, na muda si mrefu yuko tayari tena. Wale watoto wote wanatafutiwa nyumba na nani? Wengi wanaishia kugongwa na magari au kufa kwa magonjwa kabla hawajafika mwaka. Operesheni inayofanywa na daktari, kwa nusukaputi na dawa za maumivu, anapona kwa siku kadhaa. Kati ya hayo mawili mimi sioni ugumu wa kuchagua. Kumhasi kienyeji kwa kisu bila ganzi ni jambo jingine kabisa, huo ni ukatili na hauna utetezi.

Kumkata paka kucha zake moja kwa moja ili asikwaruze makochi?

Hapana. Ile operesheni inakata kipande cha mwisho cha mfupa wa kila kidole, sio kucha peke yake. Mnunulie kigogo cha kukwaruza.

Paka abaki ndani au atoke nje?

Hili lina pande mbili zote za kweli ndo maana watu wanagombana. Nje ana uhuru, anawinda, anaota jua. Lakini huyo anayewindwa naye ni mnyama, na hakuchagua kuwa jirani ya paka wako. Utafiti wa 2013 Marekani ulikadiria kwamba paka wanaotembea nje kule wanaua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, wengi zaidi wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Kwenye kisiwa cha Stephens, New Zealand, ilijengwa taa ya kuongozea meli miaka ya 1890, paka wakafika pamoja na watu, na ndani ya miaka michache tu kandege kadogo kasikoweza kuruka kakaisha, hakapo tena popote duniani. Kwa hiyo mimi nasema hivi, kama unakaa sehemu yenye ndege adimu au barabara kubwa, abaki ndani, lakini ukimweka ndani umlipe, sehemu za kupanda juu, dirisha la kuchungulia, na kucheza naye mchezo wa kuwinda kila siku. Kumfungia chumbani na bakuli halafu ukasema unalinda mazingira hapo umehamisha mateso tu.

Mimi sili nyama. Naweza kumlisha paka wangu mboga?

Mwili wa paka umeumbwa kwa nyama, anahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, na vitamini A iliyo tayari, na mimea haimpi. Akikosa taurini moyo unalegea na macho yanaweza kupofuka. Mbwa ana nafuu zaidi, anaweza kuishi kwa chakula cha mimea kilichopangwa vizuri na mtaalamu. Kama kulisha nyama kunakusumbua dhamiri, na nakuheshimu kwa hilo, basi fuga anayekula majani. Dhamiri ni yako, usimlipishe paka.

Samaki, sungura, simbilisi, hawa wadogo si hawana shida?

Wadogo ndo wanaonewa zaidi, maana kelele zao hazisikiki. Samaki wa dhahabu anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, lakini kwenye lile bakuli la duara anaogelea kwenye uchafu wake mwenyewe, amonia inapanda na matamvua yanaungua. Sungura meno yake hayaachi kuota, bila majani makavu ya kutafuna kila siku yatamchoma mdomo, na akipitisha nusu siku bila kula mkimbize kwa daktari, usisubiri kesho. Simbilisi ni wa kuishi na wenzake, Uswisi wameandika kabisa kwenye sheria tangu 2008 kwamba haruhusiwi kuwekwa peke yake. Na tafadhali usimnunulie mtoto wa miaka sita sungura umwambie ni wajibu wake. Ni wajibu wako wewe mzazi.

Kumpiga kidogo ili ajifunze?

Anajifunza kukuogopa. Mpe zawadi akifanya vizuri, mzuie nafasi ya kukosea, basi.

Ni sawa kumgharamia mbwa wakati kuna watu wanalala njaa?

Hili swali linaulizwa kwa wenye mbwa tu, mwenye simu ya bei mbaya haulizwi. Lakini nalijibu. Kama hujamleta mnyama bado, una haki ya kusema hela yangu naipeleka kwa watu, na ni uamuzi mzuri. Ukishamleta, deni tayari unalo, na huwezi kulikwepa kwa kutaja deni lingine. Ndani ya hilo deni wapo na majirani zako pia, watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa na karibu wote wameambukizwa na mbwa, kwa hiyo chanjo sio hiari.

Ni lini inakuwa sawa kumdunga sindano ya mwisho?

Pale maumivu hayatulizwi tena na siku mbaya zimezidi nzuri. Mwulize daktari swali moja la wazi, angekuwa wa kwako ungefanyaje? Andika kila jioni kama leo alikula, alisimama mwenyewe, alikuja kukupokea, maana mapenzi yanatufanya tukumbuke siku nzuri tu. Kumchelewesha kwa sababu wewe hujawa tayari ni kumfanya abebe huzuni yako. Na kumwahisha kwa sababu amekuwa mzee na anakojoa ndani, hilo nalo ni kosa.

Siwezi tena kumtunza, au nimeshanunua mnyama pori. Nimwachie huru?

Usimwachie. Wale chatu wa Burma waliotupwa au kutoroka Florida wamezaliana kwenye vinamasi vya Everglades mpaka sungura na rakuni wamekaribia kwisha sehemu nyingi kule, na mbwa au paka wa nyumbani ukimtupa mbali hajui kujitafutia. Mbwa na paka watafutie mtu unayemjua, umpe na kadi ya chanjo, umweleze ukweli wote hata ule mbaya, kama anauma sema anauma, na uulize hali yake baada ya wiki kadhaa. Mnyama pori wasiliana na mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako au kituo cha kuwalea waliookolewa, na kabla hawajafika usimlishe vitu vya kubahatisha, muweke sehemu tulivu yenye giza kidogo na maji, watoto wakae mbali.